Probox: Gari la Kazi Linalolisha Familia Kajiado, na Jinsi ya Kulinunua Bila Kulia

Ukisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela alfajiri, chai mkononi, hutamaliza kikombe kabla Probox kadhaa hazijapita. Moja ina mitungi ya maziwa kutoka upande wa Isinya. Nyingine imelala nyuma kwa uzito wa vitunguu. Ya tatu inaelekea Kajiado mjini na mifuko ya saruji, na ya nne imejaza watu hadi dereva akibadilisha gia anaomba radhi.

Kwa wateja wetu wengi huku, Probox ndilo gari la kwanza wanalonunua. Pia ndiyo malipo makubwa kuliko yote waliyowahi kufanya. Hapo ndipo kilio huanzia.

Mteja mmoja wa Kitengela alituma shilingi 60,000 za "kushikilia" Probox aliyoiona kwenye picha mtandaoni. Bei ilikuwa tamu, na muuzaji alikuwa na haraka: "Kuna mtu mwingine anakuja saa nane." Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN halikuwa la muuzaji. Aliuliza, akaambiwa, "Hiyo ni laini ya bibi yangu." Akatuma. Alipofika kwenye yadi aliyoelekezwa, gari alilikuta pale pale, rangi ile ile, lakini mwenye yadi hakumjua mtu huyo hata kwa sura. Picha ziliibwa tu. Tulipopata habari, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Miezi minane ya akiba ilienda hivyo.

Mteja huyo si mjinga. Alijua mengi kuhusu Probox na machache kuhusu kuilipia. Leo tunaweka yote mawili pamoja.

Sanduku lililoundwa kwa kazi

Toyota ilitoka katika familia ya watu wa mitambo ya kufuma nguo. Sakichi Toyoda alianzisha kiwanda chake cha mitambo hiyo mwaka 1926, na mwanawe Kiichiro akaingia kwenye magari. Kampuni ya Toyota Motor ikasajiliwa mwaka 1937. Corolla ilikuja mwaka 1966, na baadaye matoleo yake ya kubebea mizigo yakawa gari la duka, la fundi na la muuzaji wa mitaani kule Japani. Hapa Kenya wazee bado wanaikumbuka Corolla DX.

Mwaka 2002 Toyota iliamua kwamba gari la mizigo lisitokane tena na Corolla ya familia. Ikaleta Probox, pamoja na ndugu yake Succeed. Jina lenyewe halifichi kitu: la kwanza ni "mtaalamu" kwa kifupi, la pili ni "sanduku". Sehemu ya nyuma iko wima kama ukuta wa kontena ili mizigo ipangike. Mbele kuna kimeza cha kuvuta, kwa sababu muuzaji wa Japani hula na kuandika risiti ndani ya gari. Magari haya huundwa na Daihatsu, kampuni iliyoanza mwaka 1907 na ambayo tangu 2016 inamilikiwa na Toyota asilimia 100.

Mwaka 2014 Probox ilibadilishwa sana: sura mpya, na gia za otomatiki za aina ya CVT. Mwaka 2018 likaongezwa toleo la haibridi. Succeed iliacha kuundwa mwaka 2020, lakini Probox ikaendelea.

Kwa nini historia hii ikuhusu? Kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari linaloingia mwaka 2025, kwa mfano, lazima liwe la 2018 au baadaye. Kwa hivyo Probox inayoshuka Mombasa sasa ni ya umbo la 2014. Ile ya zamani utaipata kwa mtu ambaye ameitumia hapa hapa nchini, kwenye barabara hizi hizi. Ni rahisi kwa bei, lakini imeshaona mengi.

Wenyewe wanasemaje

Tulipouliza wateja wetu wa Kitengela, Isinya na Bissil wanapendea nini Probox, karibu wote walianza na spea. Injini ya 1NZ ya lita 1.5, ambayo iko kwenye Probox nyingi, ndiyo hiyo hiyo iliyotumika kwenye Vitz, Premio na Fielder nyingi. Ukiharibikiwa njiani, fundi aliye karibu huenda ameshaifungua mara mia. Tena injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda.

"Hii gari haina maringo," alisema mama mmoja anayeleta vitunguu kutoka upande wa Loitokitok. "Unaipea mafuta, unaipea oili, inaenda."

Lakini walilalamika pia. Kwanza ni shokabu na bushi. Japani, Probox ya mizigo imepangiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Hapa kwetu mtu anaweka magunia manane, anaongeza springi, kisha anashangaa kwa nini gari linapiga kelele kama kitanda cha zamani. Pili ni hizo gia za CVT. Zinataka oili yake maalum, na walioweka oili yoyote iliyokuwa karibu walilipa zaidi baadaye. Tatu ni kiti cha nyuma cha toleo la mizigo, ambacho ni chembamba. Kama unanunua la familia, kalia kwanza nyuma dakika kumi.

La nne ni zito zaidi. Kubeba abiria kwa nauli bila leseni ya PSV ni kosa. Ajali ikitokea wakati bima yako ni ya gari la kibinafsi, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Dereva mmoja alituambia anajaza watu tisa "kwa sababu kila mtu anafanya". Siku ya ajali, kila mtu hatakuwepo kukulipia.

Hesabu ya gari haifanywi kwa macho

Probox inaleta pesa kila siku, na hiyo ndiyo sababu inadanganya. Jioni una noti mfukoni na ujumbe mwingi wa pesa zilizoingia, unadhani umepata.

Tuchukue mfano wa mtu anayesafirisha bidhaa. Siku imeingiza shilingi 4,500. Mafuta ni 1,800, dereva 1,000, maegesho na vibarua 200. Zimebaki 1,500. Sasa toa 400 za sevisi na matairi, na 300 za bima. Faida yako ni 800. Kwa siku 26 za kazi, zilizopita mkononi mwako ni 117,000, lakini zako kweli ni 20,800. Anayepanga maisha kwa ile namba ya kwanza ndiye anayeuza gari baada ya mwaka.

Kwa hivyo tunashauri hivi. Pokea malipo ya gari kwenye nambari ya Till ya biashara, si kwenye laini yako ya nyumbani. Kila jioni, hamisha zile 700 za sevisi na bima kwenye akiba iliyofungwa. Mwisho wa mwezi zitakuwa 18,200, na gia zikikohoa hutaanza kupigia ndugu simu.

Kabla hujatuma hata shilingi

Gari lililo barabarani Kenya lina rekodi NTSA. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, omba rekodi ya gari kwa nambari yake ya usajili, na ulipe shilingi 550. Utaona jina la mwenye gari. Linganisha na kitambulisho cha anayekuuzia, na ulinganishe nambari ya chasisi na iliyopigwa kwenye gari lenyewe. Shilingi 550 ni bei ya chipsi kuku. Usizionee huruma.

Angalia pia kama jina la benki, sacco au kampuni ya mikopo limeandikwa kwenye logibuku pamoja na la muuzaji. Likiwepo, kuna deni. Gari haliwezi kuhamishwa bila mkopeshaji kukubali, hata kama muuzaji ameapa mara tatu.

Kama unaagiza kutoka Japani, kumbuka KRA haikutozi ushuru kwa bei uliyonunulia. Inatumia orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha inapunguza kulingana na umri wa gari. Wengi wamelipia gari huko, likafika Mombasa, wakashindwa na ushuru huku gharama za bandari zikipanda. Uliza hesabu ya ushuru kabla ya kutuma pesa za gari.

Na enda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Lipa siku yake ya kazi. Akikwambia "hii wachana nayo", mwamini, maana yeye hana kamisheni hapo.

Siku ya kulipa

Kwenye M-PESA, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku huwezi kuzidisha 500,000. Kwa hivyo Probox ya 750,000 haiwezi kulipwa kwa simu siku moja. Muuzaji akikwambia uazime laini za marafiki ili ikamilike leo leo, hiyo ni sababu ya kusimama, si ya kuharakisha. Lipa pesa kubwa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile ulilolikuta kwenye rekodi ya NTSA. Ikiwa ni yadi, iwe akaunti ya biashara, na makubaliano yaseme wazi inauza kwa niaba ya nani.

Pesa ndogo za kushikilia gari zinaweza kupita kwenye simu, lakini fuata haya:

Kwanza, uwe umeliona gari kwa macho na umelishika kwa mkono.

Pili, kuwe na makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi: kiasi, nambari ya gari, siku ya kumaliza malipo, na kama pesa zitarudi gari likikutwa na kasoro.

Tatu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la muuzaji au la yadi, usitume. "Laini ya bibi yangu" si jibu.

Nne, hifadhi ujumbe wa muamala. Ndio risiti yako.

Na wewe unayeuza, usitoe ufunguo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, au umepokea ujumbe unaofanana na wa kweli. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe unaweza kutungwa, lakini salio halitungwi.

Malipo yakikamilika, muuzaji anaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe unaukubali kwenye yako. Sheria inataka jambo hili liwe limekamilika ndani ya siku 14. Usikubali "tutafanya wiki ijayo". Mpaka jina libadilike, umelipia gari la mtu mwingine.

Ukishatuma kisha ukashtuka

Usimpigie uliyemtumia kwanza, kwa sababu utamwamsha. Kwa M-PESA, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, kisha upige simu huduma kwa wateja. Zikiwa bado hazijatolewa, kuna matumaini. Kama ni ulaghai, ripoti polisi ukiwa na ujumbe, namba na picha za mazungumzo, uchukue nambari ya OB.

Yule mteja wetu wa 60,000 aliweka akiba tena. Safari ya pili alikuja ofisini na karatasi ya rekodi ya gari mkononi kabla ya kulipa chochote, akatuomba tuisome naye. Jina lililingana, chasisi ikalingana, fundi wake akakubali. Sasa Probox yake huwa barabarani kati ya Isinya na Kitengela kabla jua halijachomoza, mitungi ya maziwa ikigongana nyuma. Anasema safari hii ilimchukua siku tisa kununua gari, na hajutii hata moja.