Ufunguo wa Barua Pepe ni wa Mwenyewe

Anayejenga nyumba hapa Bombolulu hamwachii fundi ufunguo baada ya kumlipa ujira wake. Ajabu ni kwamba vijana wetu wanaomaliza shule ya upili hufanya hivyo hasa wanapofunguliwa akaunti ya barua pepe. Huingia katika saiba kandokando ya barabara iendayo Malindi, wakaketi nyuma ya mhudumu, naye akabuni nywila, akaandika namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iende upesi. Mteja huondoka na kikaratasi.

Simlaumu mhudumu, foleni ni ndefu, na kijana aghalabu hana simu. Lakini anwani hiyo ndiyo itakayotumiwa kuomba mkopo wa HELB, kupokea namba ya ushuru kutoka KRA na, kwa atakayejaliwa kuwa mwalimu, kuwasiliana na TSC. Siku kikaratasi kitakapopotea, mtambo utapeleka msimbo wa kuthibitisha kwa namba iliyosajiliwa. Namba ya nani? Ya mtu ambaye yamkini amekwisha kuhamia Changamwe na kubadili laini. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alimtafuta mhudumu wa namna hiyo kwa wiki tatu, asimpate.

Barua pepe haikuzaliwa na shaka hii yote. Kanuni za kuisafirisha zilizoandikwa mwaka 1982 hazikumtaka mpelekaji athibitishe yeye ni nani, kwani watumiaji walikuwa wachache, wengi wao watafiti na wanavyuo. Utaratibu wa mpelekaji kujitambulisha kwa mtambo ulitangazwa mwaka 1999. Walimu wanaotumia tarakilishi kuukuu za shule wanayajua mabadiliko ya karibuni zaidi: tangu tarehe 30 Mei 2022, Google ilianza kukataa nywila ya kawaida ya akaunti za watu binafsi inayoletwa na programu za zamani za kusomea barua. Mwalimu huibadilisha nywila mara tatu akidhani ameikosea, kumbe nywila haina kosa. Programu mpya humpeleka mtu kwenye ukurasa wa Google wenyewe ajitambulishe huko, kisha hupewa kibali bila ya kuiona nywila. Programu isiyoweza hivyo hutengenezewa nywila yake ya pekee yenye herufi 16, mradi mwenye akaunti awe amewasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Nashauri kipindi kimoja tu, dakika 40, katika chumba cha tarakilishi, kabla ya mitihani ya mwisho. Kila mwanafunzi afungue akaunti kwa mkono wake. Kwa kuwa simu hairuhusiwi shuleni, mzazi aalikwe aje na yake, na namba hiyo ndiyo isajiliwe. Kisha ichapishwe misimbo 10 ya akiba, ambayo kila mmoja hutumika mara moja tu, ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akiondoka kwenye tarakilishi ya umma, mwanafunzi afunge akaunti, wala asikubali kivinjari kiihifadhi nywila.

Wapo walimu wenzangu ambao, kwa nia njema, huweka daftari lenye nywila za darasa zima. Daftari hilo na lichomwe, na kila mwanafunzi abadilishe nywila yake siku iyo hiyo, mwalimu akiwa anatazama dirishani.