FIMBO HAIFUNDISHI AMANI

Wengi wetu tunaijua Ubungo, Dar es Salaam, kwa sababu ya mabasi ya mikoani. Stendi ilikuwa pale mpaka mwaka 2021, ilipohamia Mbezi Luis, katika wilaya hiyo hiyo ya Ubungo. Kwa mabasi hufika wakulima, wachuuzi na wageni. Hufika pia watoto waliotoroka kwao. Ukiwauliza walikimbia nini, wapo watakaosema njaa. Wapo watakaosema kipigo.

Januari 2015, vijana walioitwa Panya Road walitia hofu Dar es Salaam. Watu walifunga maduka, wakakimbilia majumbani. Mwaka 2022 makundi ya jina hilo yalivamia tena nyumba za watu, yakiwa na mapanga. Vijana wakifanya hivyo, sisi wazazi husema: "Hawa hawakuchapwa vya kutosha!"

Je, ni kweli? Tuangalie. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa letu. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa habari za utoto wao. Katika kila 10, kama 7 walisema walipigwa ngumi, mateke, au kuumizwa vingine kabla ya kufika miaka 18. Basi, kama kipigo kingeleta amani, sisi tungekuwa na amani tele.

Utafiti mwingine uliwauliza wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Waliopigwa vikali ndio waliozidi kwa ukorofi na ugomvi. Hatusemi kila aliyechapwa huwa jambazi, la hasha. Umaskini, kukosa kazi na dawa za kulevya nazo huharibu vijana. Lakini kipigo huongeza moto.

Huongezaje? Mtoto hujifunza kwa kuangalia. Baba akikasirika, anapiga. Mtoto anaona: kumbe mwenye nguvu akiudhika, hupiga! Kesho naye anampiga mdogo wake. Akikua, atampiga mkewe au jirani. Tena mtoto wa kupigwa haachi kosa. Anajifunza kulificha na kusema uongo.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kukunja siyo kuvunja.

Sasa tufanye nini?

1. Ukiwa na hasira, ngoja kwanza. Kanywe maji, kisha rudi.
2. Mwulize mtoto amefanya nini na kwa nini. Msikilize.
3. Adhabu ifuate kosa. Amemwaga maji? Akachote mengine. Amevunja kitu cha jirani? Aende akaombe radhi, asaidie kazi pale.
4. Akifanya vizuri, msifu.

Tukumbuke pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inakataza kumtesa mtoto. Inakataa adhabu isiyolingana na umri wake, afya yake na akili yake. Ukiona mtoto anateswa, mwambie mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, au ofisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116, bila malipo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.