Meli Hupita, Watu Hubaki

Mkulima wa Igogwe aweza kuuliza: "Mfereji wa Suez wanihusu nini mimi?" Swali hilo ni la haki, maana kutoka vilima vya Rungwe hadi bandari ya Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na Misri iko mbali zaidi. Lakini jani la chai lichumwalo Rungwe halinyweki lote Tukuyu. Lile liendalo Ulaya hupata njia fupi katika mfereji huo. Na dawa, mashine na vipuri vitokavyo Ulaya hutujia kwa njia hiyo hiyo. Basi yafaa tuwajue watu wakaao kandokando yake.

Mfereji huo una urefu wa kilomita 193, nao unaunganisha Bahari ya Kati na Bahari ya Sham. Kaskazini uko mji wa Port Said, katikati Ismailia, na kusini Suez. Mtu wa Port Said afanyaye kazi Port Fuad huvuka kwa pantoni asubuhi, akatoka bara la Afrika akaingia Asia, na jioni akarudi kwa watoto wake. Kwa atazamaye kutoka mbali, meli kubwa huonekana kana kwamba zinatembea juu ya mchanga. Wako warubani waongozao meli, wavuvi wa ziwa Timsah, wakulima wa maembe ya Ismailia, na wachuuzi wa mashua waitwao bambuti, ambao kwa miaka mingi wamezisogelea meli ili kuwauzia mabaharia bidhaa zao. Jioni watu hunywa chai nyeusi yenye sukari nyingi, na huenda chai hiyo ikawa imetoka Afrika Mashariki, kwa kuwa Misri ni mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya.

Watu hao hawakupewa mfereji kama zawadi. Kazi ya kuuchimba ilianza mwaka 1859, na wakulima wa Misri walikamatwa shokoa kwa maelfu, wakachimba kwa majembe na kubeba udongo kwa vikapu. Wengi walikufa. Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba, 1869, lakini faida ilikwenda kwa wenye hisa wa Ulaya. Mwaka 1875 mtawala wa Misri, akiwa amelemewa na madeni, aliziuza hisa zake kwa serikali ya Uingereza. Mwenye jasho akabaki mtazamaji wa mali ipitayo mlangoni pake.

Tarehe 26 Julai, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mfereji. Warubani wengi wa kigeni waliondoka mwezi Septemba, na wako waliodhani kwamba meli zitakwama. Hazikukwama, Wamisri pamoja na wenzao waliobaki waliziongoza. Mwaka huo huo Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliishambulia Misri, na Port Said ikapigwa mabomu. Vita vya Juni 1967 viliufunga mfereji mpaka Juni 1975, na watu wa miji ile wakahamishwa kwa malaki, wakaacha nyumba, kazi na makaburi ya wazee wao.

Hata leo hawajapata utulivu. Mwezi Machi 2021 meli moja, Ever Given, iliuziba mfereji kwa siku sita, na mamia ya meli yakangoja. Tangu mwisho wa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Sham, makampuni mengi yalizizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, safari ya siku 10 au zaidi za nyongeza. Mapato ya mfereji kwa mwaka 2024 yalipungua kupita nusu. Nauli ya meli ikipanda, muuzaji wa chai na mnunuzi wa vipuri wote huumia, hata kama hawajaiona bahari.

Ndugu wananchi, Rungwe nasi tunao mfereji wetu. Ni barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu, ikafika Kasumulu mpakani mwa Malawi. Malori hupita, na akina mama huuza ndizi kando yake kama bambuti wa Port Said. Historia ya Suez yatufunza kwamba pahali papitapo mali si lazima papate mali. Hupata pale ambapo wenyeji wameijua kazi yenyewe, yaani kuongoza, kutengeneza, kupima na kupanga bei, wala hawakuridhika na kuuza kikapu kimoja dirishani.

Basi mchumaji wa chai na aulize jani lake lauzwa wapi, kwa bei gani, na nani anayekula tofauti. Wamisri walingoja miaka 87 tangu mfereji ufunguliwe hata ukawa wao. Sisi hatuna sababu ya kungoja muda huo.