Injini ya Ndege Ndogo na Injini ya Mchomoko

Injini ya pistoni inayozungusha propela ya Cessna 172 ina asili yake miaka ya 1950, na hadi leo inaundwa kwa mpangilio uleule: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, zikipozwa na upepo bila rejeta. Ujazo wake ni lita 5.9, nguvu zake farasi 180. Toyota Probox, mchomoko (gari dogo la abiria) wa kawaida wa njia ya Bukoba na Muleba, ina injini ya lita 1.5 yenye farasi wapatao 109. Kwa kila lita, gari linatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya ndege.

Kinachoibana injini ya ndege ni propela. Imefungwa kwenye kranki moja kwa moja, bila gia, na ikizungushwa mno ncha zake hukaribia mwendo wa sauti na kupoteza msukumo. Kwa hiyo injini huishia mizunguko 2,700 kwa dakika, ile ya Probox ikipanda hadi 6,000. Nguvu iliyokosekana kwenye mizunguko hutafutwa kwenye ukubwa wa silinda. Tena kazi hazifanani: mchomoko hukamuliwa kwa dakika chache kwenye mwinuko wa Kamachumu, kisha hupumua, ndege hutumia kama robo tatu ya nguvu zake safari nzima.

Uzee wa injini hii unaonekana hasa mbele ya rubani. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni mwa Ziwa Victoria, takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndani ya gari, sensa hupima hewa na kompyuta hupunguza petroli, dereva asijue. Rubani hushika kitasa chekundu cha kupunguza petroli, akakivuta taratibu huku akisikiliza mpaka mngurumo utulie. Kwenye injini yenye kabureta, unyevu wa ziwani unaweza kuganda barafu ndani yake hata joto likiwa nyuzi 20, hivyo hufungulia hewa ya moto mapema.

Lakini kuna ubora ambao gari halina. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikipata cheche kwenye magneto yake, na magneto huzungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa juu ya kisiwa cha Bumbire, injini haizimiki.

Mabadiliko yanachelewa kwa sababu kila kifaa kipya lazima kithibitishwe kwa gharama kubwa, na ndege zinazouzwa ni chache. Kasoro isiyovumilika ni risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliiondoa kwenye petroli ya magari kufikia 2006; petroli ya ndege ya 100LL bado inayo, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Injini ya dizeli iliyotokana na ya gari la Mercedes-Benz ilipata kibali cha kuruka mwaka 2002, nayo huchoma mafuta yaleyale ya ndege kubwa, yasiyo na risasi. Hiyo ndiyo inayostahili kuirithi.