Tutengeneze Wenyewe, Lakini kwa Vipuri Halisi

Hapana shaka kwamba pikipiki imekuwa punda wa zama hizi katika mwambao wetu. Kutoka Horohoro hadi Pangani, na ng'ambo ya mkondo kutoka Wete hadi Mkoani, ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati, mwalimu shuleni na samaki sokoni. Kijana aliyeichukua kwa mkataba huamka alfajiri akiwa tayari anadaiwa hesabu ya siku. Kwake yeye, chombo kikilala gereji siku 2 huzaa deni la siku 2. Ndiyo maana wengi wameamua kushika spana wenyewe, nasi twasema wamefanya vyema, kwani huko ndiko kujitegemea.

Lakini kujitegemea si kubahatisha. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka na vipuri vikawa adimu kama vito. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Mwaka uliofuata wananchi wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Leo shida imegeuka uso. Zamani tulisumbuliwa na uhaba. Sasa twasumbuliwa na wingi usioaminika. Kipuri kipo, bei yake inavutia, jina kubwa limeandikwa juu ya kasha, na ndani mna chuma kisicho na thamani. Fundi akiwa hodari namna gani, hawezi kuondoa udanganyifu uliomo ndani ya kifaa.

Tuanze na oili, maana ndiyo damu ya chombo. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne zinazotumika kwetu, oili moja huhudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo oili ya gari haifai kila mara: baadhi ya oili hizo zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hukaa ndani ya oili na huhitaji msuguano ili ishike. Mnunuzi atazame chupani alama ya JASO MA au MA2, ambayo huonyesha kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi ya namna hiyo. Uzito wa 20W-50 hutumika sana katika joto letu, ila kitabu cha chombo ndicho hakimu. Na kwa kuwa pikipiki ndogo hubeba kiasi cha lita 1 tu, oili yake huchafuka upesi. Kumwaga oili kwa wakati ni gharama ndogo. Kubadilisha pistoni na ringi ni msiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Adui wa pili ni chumvi. Kusi na kaskazi zote hutuletea, na pikipiki iliyovushwa kwa jahazi hufika imeloa maji ya bahari. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, kisha cheni ipakwe oili. Betri ya maji iongezwe maji maalumu ya betri, wala si maji ya kisima, ambayo huku pwani mara nyingi yana chumvi. Cheni iliyolegea kupita kiasi au kukazwa mno huharibu sproketi. Kwa pikipiki nyingi ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 unatosha. Cheni mpya isifungwe juu ya meno yaliyochakaa, bali cheni na sproketi zote 2 zibadilishwe pamoja. Plagi nayo inunuliwe kwa nambari ileile iliyoandikwa kitabuni, kwa sababu yenye uzi mrefu kuliko inavyotakiwa yaweza kugongwa na pistoni.

Yote hayo mwenye chombo anaweza kuyafanya nyumbani, pamoja na kusafisha chujio la hewa baada ya vumbi la njia ya Amani. Breki, hata hivyo, hazina mzaha. Anayeteremka kutoka Soni kwenda Mombo na abiria mgongoni ameweka roho mbili juu ya breki shuu, vile vipande viwili vinavyobana ndani ya ngoma ya gurudumu. Shuu bandia hupata moto, humeguka, na mteremko haumsubiri mtu. Kwa breki za diski, maji yake yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoagiza, yatoke katika chupa iliyofunguliwa karibuni, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa. Atiaye oili ya injini mahali pake huharibu mipira ya ndani na kubaki bila breki. Kazi hii, pamoja na kufungua injini na kuchomea fremu, tumwachie fundi aliyefunzwa.

Ndugu zetu wa visiwani wana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu kipuri kibovu kilichokwisha vuka bahari hakirudishwi kwa urahisi. Twawashauri wamwagizapo mtu Tanga au Unguja wampe kipuri cha zamani akalinganishe umbo, uzito na nambari, adai risiti, aogope bei iliyo chini mno na kasha lenye maandishi yaliyokosewa. Chupa ya oili ikiisha itobolewe, isije ikajazwa uchafu na kuuzwa tena. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni, kwani mitaro yetu huishia baharini, na bahari ya Tanga ni makazi ya silikanti, samaki ambaye hifadhi yake ilitangazwa mwaka 2009.

Sasa twawageukia watumishi wa Serikali. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, Shirika la Viwango (TBS) tangu 1975, na Zanzibar ina taasisi yake ya viwango. Tume ya Ushindani nayo imekabidhiwa kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Vyombo vipo, kinachotakiwa ni macho yao yafike katika bandari bubu za mwambao na katika rafu za maduka, na si bandarini tu. Anayemkamata kijana kwa breki mbovu amfuate pia aliyemwuzia breki hizo. Dini zetu zimewalaani wanaopunja vipimo. Auzaye breki ya uongo amepunja uhai wa mtu.

Kadhalika, kila pikipiki inayouzwa nchini iambatane na kitabu cha Kiswahili. Haifai kumtaka mwananchi atunze chombo kwa maelekezo ya lugha asiyoisoma. SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973 na VETA ziandae mafunzo mafupi ya jioni kwa waendeshaji, na mafunzo kama hayo yafike Pemba na vijijini Mkinga na Pangani. Mwananchi ametoa mikono yake na jasho lake. Haki yake ni kupewa maarifa, na kuuziwa kilicho cha kweli.