Joto likizidi, moshi wa jiji huwa hatari zaidi

JE, una mtoto anayeugua pumu? Huenda umegundua kwamba siku za jua kali, kati ya Januari na Machi, humtesa sana. Asubuhi huamka salama, lakini ifikapo alasiri kifua kinambana na pumzi zake zinatoa sauti kama ya filimbi.

Usiharakishe kumkemea kwa kucheza mno. Huenda hewa anayovuta ndiyo inayomdhuru.

Moshi wa magari huwa na gesi za aina mbalimbali. Gesi hizo zikipigwa na jua huunda nyingine iitwayo ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga dhidi ya miale mikali ya jua. Lakini ile iliyo karibu na ardhi huwasha koo na kuvimbisha mirija ya mapafu.

Kadiri joto linavyopanda, ndivyo gesi hii inavyoundwa kwa kasi zaidi. Kwa hivyo, hata magari yasipoongezeka mjini, hewa yaweza kuharibika zaidi kwa sababu ya joto pekee. Na joto linaongezeka: mwaka wa 2024 ulivunja rekodi ya joto duniani.

Usidhani kwamba uko salama kwa kuwa unaishi mbali na barabara kuu. Upepo husafirisha ozoni hadi mitaa ya pembeni.

Madhara yake yameonekana kwingineko. Nchini Ufaransa, watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, walifariki wakati wa joto kali la Agosti 2003. Wataalamu waligundua kuwa ozoni ilichangia baadhi ya vifo hivyo. Mwaka wa 2010, joto lilikausha misitu nchini Urusi ikashika moto, na moshi ukafunika jiji la Moscow kwa siku nyingi.

Ufanye nini basi? Siku za joto kali, ozoni huzidi kuanzia adhuhuri hadi jioni. Mbio na mazoezi mengine yafanywe asubuhi mapema, kabla ya barabara kujaa magari. Wazee, wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu wapumzike ndani nyakati za alasiri. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii gesi hii.

Usichome taka wala plastiki uani, na jiko la makaa lisitumiwe katika chumba kilichofungwa. Moshi huo huongezea mapafu mzigo.

Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta popote aendapo, hata shuleni. Mweleze mwalimu jinsi ya kumsaidia.

Ukiona mtoto anashindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, au midomo yake inageuka rangi, mkimbize hospitalini mara moja. Usingoje jua litue.