Je, Wajua? Nyumba za Kupanga za Berlin

Ua ulipimwa kwa gari la zimamoto
Kanuni ya ujenzi ya Berlin ya mwaka 1853 ilitaka ua wa ndani usipungue mita 5.34 kwa mita 5.34. Mbona kipimo cha ajabu hivyo? Ndiyo nafasi iliyotosha kugeuza pampu ya zimamoto! Jua na hewa havikuhesabiwa. Leo Hiace ikiingia humo, itatoka kinyumenyume. Kuta za pande zote zilipanda hadi ghorofa tano, basi aliyepanga chini aliishi kama aliye kisimani.

Binadamu walikausha kuta
Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Plasta ya chokaa ya nyumba mpya ilichukua miezi kukauka, na mwenye fedha hakutaka kulala penye unyevu. Maskini wakaingizwa kwanza, kwa kodi ndogo sana. Moto wa majiko yao ulifukuza maji. Hata pumzi zao zilisaidia, maana chokaa huwa ngumu kwa kunyonya kaboni dayoksaidi. Kuta zikishakauka, wao na vikohozi vyao walihamia jengo jingine bichi. Wajerumani waliwaita Trockenwohner, yaani wakaaji wa kukausha.

Kitanda kisichopoa
Wapo waliopanga kitanda tu, wala si chumba, tena kwa saa kadhaa. Wa zamu ya usiku alijilaza pale alipoamka wa zamu ya mchana, na malipo yake yaliisaidia familia yenye nyumba kufikisha kodi ya mwezi.

Mara mbili kwa miaka 28
Viwanda kama Borsig, mafundi wa vichwa vya treni, na Siemens viliwavuta watu kutoka mashambani. Berlin ilitimiza wakazi milioni moja mwaka 1877. Kufikia 1905 walikuwa milioni mbili.

Mlango mmoja, shule mbili
James Hobrecht, mhandisi aliyechora ramani ya upanuzi wa jiji mwaka 1862, alisifu majengo haya kwa kuchanganya matabaka: mtoto wa chumba cha chini ya ardhi na mtoto wa mfanyabiashara walipita ukumbi uleule wakienda shule. Shule zenyewe, hata hivyo, zilikuwa tofauti.

Kufukuzwa kwa fundi kulizua ghasia
Julai 1872, seremala mmoja alitolewa nyumbani kwake katika mtaa wa Blumenstraße. Majirani walicharuka, na mapambano na polisi yakaendelea kwa siku kadhaa.

Kijiji kizima, anwani moja
Jengo la Meyers Hof, katika mtaa wa Ackerstraße, lilikuwa na nyua sita zilizofuatana kama mabehewa, karakana ndani yake, na wakati fulani wakazi wapatao 2,000. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliliharibu vibaya. Mabaki yalibomolewa mwaka 1972.